Isolo, Bao na Mchemraba: Tarikhi ya Kufikiri kwa Haraka Katika Nchi ya Usukuma

Kabla reli haijafika Mwanza mwaka 1928, na kabla mgodi wa Geita haujaanza kutoa dhahabu kwa wingi mwaka 1936, na kabla Mkanada John Williamson hajaipata almasi ya Mwadui mwaka 1940, nchi ya Shinyanga na jirani zake ilikuwa na shule ya hesabu na tadbiri isiyokuwa na kuta wala mwalimu mwenye mshahara, nayo ilikuwa ni mchezo wa isolo. Mashimo yake yalichimbwa ardhini kivulini, au yakachongwa kwenye ubao kwa yule aliyejaaliwa kuwa na fundi karibu. Safu zake zilikuwa nne, mbili za huyu na mbili za yule. Na kete zake zilikuwa mbegu au vijiwe vilivyookotwa palepale, kwa hiyo maskini hakuwa na udhuru wa kutojifunza, wala tajiri hakuwa na fursa ya kununua ushindi.

Jambo moja katika mchezo huo lastahili kutazamwa kwa makini. Wasukuma hawakuucheza kwa sura moja tu. Wanawake na wasichana walikuwa na isolo yao, wavulana walikuwa na yao, na wazee walikuwa na yao, kila moja na kanuni zake, ijapokuwa mashimo yalikuwa yaleyale na mkono wa kuzungusha kete ulikuwa uleule. Mtu aweza kudhani kwamba huo ulikuwa mgawanyo wa heshima tu, kama ilivyo desturi ya kila kaya kumpa mzee kigoda na mtoto mkeka. Lakini mimi naona ndani yake busara iliyo kubwa zaidi, kwamba watu wale walitambua zamani sana kuwa akili haipandi mlima kwa mruko mmoja, na kuwa njia inayomfaa mwenye kuanza si lazima iwe ndiyo njia itakayomfaa akiisha kukomaa.

Bao la Kiswahili lilifika likitokea pwani. Huko lilikuwa na sifa na nasaba ya muda mrefu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilitungia shairi liitwalo «Bao Naligwa», na mtu wa cheo cha Muyaka hakuwa akiupoteza wino wake kwa jambo lisilojulikana na watu wake. Njia iliyolileta bara haikuwa nyingine illa ile iliyochukua shanga, nguo na baruti kwenda, na pembe za ndovu kurudi. Wapagazi wa Kinyamwezi na wa Kisukuma walishuka hadi Bagamoyo maelfu kwa maelfu. Waarabu na Waswahili walijenga Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, wakatia nanga huko kwa miaka. Na kutoka Unyanyembe njia ilielekea kaskazini, ikaikata nchi ya Usukuma mpaka ufukweni mwa ziwa, ambako Speke aliwasili mwaka 1858 na Stanley akashusha mashua yake majini pale Kagehi mwaka 1875. Msafara ulikuwa na siku za kutembea, na ulikuwa na siku nyingi zaidi za kukaa: kungoja mvua ipite, kungoja hongo ikubaliwe, kungoja mgonjwa apone, kungoja bei ya pembe ipande. Katika siku hizo za kungoja mchezo wa kete ulikuwa na nafasi yake, na mpagazi aliyezaliwa katika isolo hakuhitaji kufundishwa maana ya shimo, wala ya kete, wala ya kuteka. Alihitaji kuongezewa kanuni tu.

Na kanuni alizoongezewa hazikuwa chache. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, lakini mchezo hauanzi na kete zote ubaoni. Kila mchezaji huweka kete 10 peke yake, 6 katika nyumba, yaani shimo la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele, na mbilimbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia, kisha hubaki na 22 mkononi, na hizo huziingiza mojamoja katika sehemu ya kwanza ya mchezo, iitwayo namua. Hata zikiisha ndipo mchezo unapoingia mtaji, ambapo hakuna tena cha kuongeza, na kila mmoja hula kwa alichonacho. Kwa hiyo aliyetunga bao aliugawa mchezo mafungu, akalipa kila fungu kazi yake: katika namua mtu anajenga na kuilinda nyumba, na katika mtaji anavuna au anavunwa. Wanaoanza huwekewa bao la kujifunza, ambalo kete zote 64 hupangwa mbilimbili tangu mwanzo na namua huachwa kando, na humo mtoto hujifunza kuteka na kuzungusha kabla hajatwishwa mzigo wa nyumba.

Mabadiliko makubwa yaliyofuata yaliletwa na migodi. Mjerumani mmoja aliiona dhahabu ya Geita mwaka 1898, lakini ilichukua karibu miaka 40 mpaka mgodi mkubwa uanze kazi, na ulipoanza ukawa mgodi mkubwa wa dhahabu kuliko yote katika Afrika Mashariki, ukaendelea mpaka mwaka 1966. Mwadui nako, baada ya mwaka 1940, pakazuka mji mzima mahali palipokuwa na mbuga na mifugo. Wakaja watu wa makabila mengi, Wasukuma na Wazinza, Wasumbwa na Waha, Wakerewe na Wajaluo, na kila mmoja alikuja na mchezo wa kwao ulio na jina la kwao. Katika makambi ya namna ile hakuna awezaye kudai kwamba kanuni za kijiji chake ndizo zitakazofuatwa na wote. Panahitajika mchezo wenye kanuni zinazojulikana na watu wa mbali, kama vile panavyohitajika lugha ya namna hiyo, na kama Kiswahili kilivyokuwa lugha ya kambi ndivyo bao la Kiswahili lilivyofaa kuwa mchezo wa kambi. Mfanyakazi wa zamu hana jioni ndefu ya mzee wa kijijini. Ana saa chache kati ya kutoka shimoni na kulala, na nyuma yake wapo wenzake wawili au watatu wanaongoja kukalia kigoda chake; mwenye kushindwa huondoka na mwenye kukawia huhimizwa kwa sauti kubwa na watazamaji, ambao kwa desturi ya bao hawajapata kunyamaza tangu dunia iumbwe.

Basi katika mazingira hayo swali la njia lilikuwa swali la kila siku: mtu atafikirije kwa haraka bila kukosea? Hapa yatubidi tukaribie ubao wenyewe, maana jibu limo katika kete.

Kete zilizotekwa kwa adui hazitembezwi kuanzia pale zilipotekwa. Huanzia kichwani, yaani katika shimo la mwisho la safu ya mbele, liwe la kushoto au la kulia. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala na zamu yake imekwisha. Ikiangukia shimo lenye kete, na mkabala wake shimo la adui lina kete, anateka tena. Ikiangukia shimo lenye kete na mkabala wake hamna kitu, anazoa zilizomo na kuendelea. Mchezaji mchanga huifuata safari hiyo kwa macho, kete baada ya kete, na akifika mzunguko wa tatu amekwisha kusahau alipotoka. Mchezaji aliyepevuka hafanyi hivyo. Yeye anajua, kabla mkono haujanyanyuka, kwamba kete 5 zikianzia kichwa cha kushoto ya mwisho itaangukia nyumbani, kwa kuwa nyumba ni shimo la tano kutoka kushoto. Na kwamba kutoka kichwa cha kulia kete 4 zatosha kufika palepale. Anajua kwamba kete 8 kutoka kichwa kimoja huishia kichwa cha pili, na kwamba ya tisa hugeuka ikaingia safu ya nyuma; na kwamba kete 16 zikizolewa kutoka shimo lolote huzunguka upande wote wa mtu na ya mwisho kurudi palepale zilipozolewa. Mambo haya hayahesabu tena. Ameyahesabu zamani, mara nyingi, mpaka yakawa maarifa yaliyotulia, na kwa hiyo fikra yake imebaki huru kushughulika na jambo moja lililo gumu kweli, nalo ni kujua adui atafanya nini baada ya yeye kulala.

Mabingwa wa namna hii hawakufichika machoni pa wanazuoni. Mholanzi Alexander de Voogt alikwenda kukaa na mabingwa wa bao wa Zanzibar, na mwaka 1995 akawasilisha katika Chuo Kikuu cha Leiden tasnifu nzima juu ya ubingwa wao na mipaka ya akili ya mwanadamu. Na Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, upande wa pili wa ziwa hilohilo, alijulikana na nchi nzima kwa mapenzi yake ya bao. Nayataja haya kwa sababu wapo vijana, tena vijana wenye akili, wanaodhani kwamba mchezo wa kete ni wa wazee waliokosa kazi, na kwamba elimu ya kufikiri kwa haraka ilizaliwa ng'ambo.

Lililozaliwa ng'ambo ni fumbo la namna nyingine, nalo lapendeza, wala sina nia ya kulidunisha. Mwaka 1974 Ernő Rubik, mwalimu wa chuo huko Budapest, Hungaria, aliunda mchemraba wenye nyuso sita za rangi sita ambao vipande vyake huzunguka bila kuachana. Akauvuruga, kisha yeye mwenyewe ikamchukua mwezi na zaidi kuurudisha ulivyokuwa. Mchemraba huo uliingia katika masoko ya dunia mwaka 1980. Mikao yake ni 43,252,003,274,489,856,000, hesabu ambayo mtu akiitazama atajua papo hapo kwamba kubahatisha hakutamfikisha popote, na kwamba hana budi kuwa na njia.

Njia ya kwanza iliyoenea ni ile ya tabaka: kukamilisha tabaka la chini, kisha la kati, kisha la juu, na miongoni mwa walioieneza ni mwanahisabati David Singmaster wa London kwa kitabu chake kidogo. Ni njia ya salama, kwani kila hatua yaonekana kwa macho, lakini ni ndefu, maana yaweza kumtaka mtu ageuze nyuso zaidi ya mara 100. Katika mashindano ya kwanza ya dunia, yaliyofanyika Budapest mwezi wa Juni mwaka 1982, mshindi alikuwa Minh Thai wa Marekani, aliyetumia sekunde 22.95, na wakati ule watu waliona kwamba mwanadamu amefika ukingoni mwa uwezo wake. Hakuwa amefika. Kasi ya leo imeshuka chini ya sekunde 4, na ingawa michemraba ya siku hizi ni laini kuliko ile ya kwanza, ulaini hauelezi tofauti kubwa kiasi hicho. Sehemu kubwa ya maelezo imo katika njia.

Jessica Fridrich, mzaliwa wa Czechoslovakia aliyekuja kuwa mhandisi na profesa huko Marekani, aliitangaza njia yake kwa ulimwengu mwaka 1997, naye mwenyewe akashika nafasi ya pili katika mashindano ya dunia ya Toronto mwaka 2003. Asili ya njia hiyo ni kuunda msalaba chini, kisha kuingiza kipande cha pembe pamoja na kipande cha ubavu kwa mara moja badala ya kila kimoja peke yake, wazo ambalo wachezaji wengine wa Ulaya walikuwa nalo pia. Halafu tabaka la juu linamalizwa kwa kanuni mbili tu, ya kwanza ikilinganisha rangi ya juu, ya pili ikiweka kila kipande mahali pake. Lakini kanuni hizo mbili mtu huzichagua katika hazina kubwa, maana hali za fungu la kwanza ni 57 na za fungu la pili ni 21, na kila moja ina mfuatano wake wa kuhifadhiwa. Kisha yupo Lars Petrus wa Sweden, aliyeanza na kijumba kidogo cha pembeni akakipanua. Na yupo Gilles Roux wa Ufaransa, ambaye mwaka 2003 alitoa njia ya kujenga kuta mbili za ubavuni na kuyaacha ya kati mpaka mwisho, njia yenye mageuzo machache na kanuni chache za kuhifadhi, ila yamtaka mtu awe na jicho jepesi la kubuni. Mwaka 2010 wataalamu walithibitisha kwa msaada wa kompyuta kwamba hakuna mkao wowote unaohitaji zaidi ya mageuzo 20. Lakini hakuna mwanadamu anayecheza hivyo, kwa sababu njia fupi kuliko zote haionekani kwa akili ya mtu katika wasaa wa sekunde chache, na njia isiyoonekana haimfai mchezaji kitu.

Kijana wa Kahama au wa Geita aliyeupata mchemraba na kuchoka na mwendo wake wa dakika mbili huuliza mara moja ni njia ipi iliyo ya kasi kuliko zote, na ninaamini kwamba swali hilo limeelekezwa pasipo pake. Wenye isolo hawakumwuliza mvulana ni mchezo gani ulio mkubwa. Walimpa ule ambao angeweza kuuona wote ubaoni wakati mkono wake unatembea. Hicho ndicho kipimo ninachokitetea. Njia inayofaa ni ile ambayo mtu, anapokamilisha hatua aliyo nayo, macho yake yamekwisha kuiona hatua inayofuata, kwa sababu wakati mwingi hupotea katika vituo, pale mikono inaposimama ikingoja akili itafute kipande, wala haupotei sana katika mageuzo yenyewe. Mchezaji wa bao aijua siri hii bila kuambiwa: adui anapotembeza kete zake, yeye yuko kazini, na adui akilala yeye tayari ameshika kete.

Kanuni za mashindano zenyewe zinaunga mkono jambo hili. Chama cha mchemraba cha dunia, kilichoanzishwa mwaka 2004, humpa mshindani sekunde 15 za kuutazama mchemraba kabla ya kuanza kuugeuza, kisha humtaka aufumbue mara 5. Muda ulio mzuri kuliko yote na ulio mbaya kuliko yote huondolewa, na wastani wa mitatu iliyobaki ndio huamua mshindi. Kwa hiyo bahati ya mara moja haina thamani kubwa, na anayekimbia kama mshale mara mbili na kukwama mara tatu atashindwa na mwenye mwendo wa sawasawa.

Na mwendo wa sawasawa ni jambo ambalo nchi ya Usukuma ililifanya sanaa. Vikundi vya wakulima vilivyolima kwa zamu shamba la huyu na la yule vililima kwa ngoma, na katika ngoma ya bugobogobo jembe hupanda na kushuka kwa mdundo mmoja, kiasi kwamba mwenye nguvu hazidi na mnyonge habaki nyuma, na eka humalizika mapema kuliko kama kila mtu angelima kwa hamaki yake. Hata katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yaliyoanzishwa katika karne ya 19 na waganga wawili, Ngika na Gumha, ambapo pande mbili hucheza kwa wakati mmoja na ushindi huenda kwa upande uliovuta umati mkubwa, mchezaji alijiunga na upande mmoja, akajifunza chini ya kiongozi mmoja, na akabaki humo akiunoa ustadi wake. Hapa pia pana funzo kwa mwenye mchemraba, maana maradhi yanayowapata wengi ni kuhamahama: mwezi huu njia ya Fridrich, mwezi ujao ya Roux, na kabla vidole havijaizoea hiyo ya pili, wamekwisha kusikia sifa za ya tatu.

Migodi mikubwa imerudi baada ya ule wa zamani kufungwa. Geita ulianza upya mwaka 2000, Bulyanhulu ukafunguliwa mwaka 2001, na mwaka 2012 Geita ukawa mkoa. Kandokando yake, katika machimbo ya wachimbaji wadogo kama Nyarugusu na Rwamagasa, bado kuna saa za kungoja kama zilivyokuwa katika misafara: kungoja zamu ya kushuka katika duara, kungoja mawe yasagwe kwenye karasha. Saa kama hizo zatosha kwa bao, na zatosha kwa mchemraba pia, ambao una fadhila ya kuingia mfukoni.

Kwa huyo anayeanza, ushauri wangu ni ashike njia ya tabaka mpaka aweze kuumaliza mchemraba bila kusita, kisha ahamie ya Fridrich kwa mafungu, akianza na msalaba na kuingiza pembe pamoja na ubavu kwa kuelewa, bila kuhifadhi chochote. Tabaka la juu asilichukue kwa kanuni zote 78. Aligawe kila fungu mara mbili, na hapo kanuni 16 zitamtosha kwa kipindi kirefu: 10 za kulinganisha rangi na 6 za kupanga vipande. Zile 21 za fungu la pili azijaze kwanza, kwa kuwa ni chache na faida yake huonekana mapema. Na zile 57 aziongeze mojamoja, kila moja ikiisha kutulia mkononi, kama kete za namua zinavyoingia ubaoni, mojamoja, mpaka mkono uwe mtupu na mtaji uanze.